Kipimapumzi cha Bangi: Wawekezaji Wamenunua Nini?

Kuna vitenzi viwili ambavyo mzawa wa Kiswahili hawezi kuvichanganya hata akiamshwa usiku wa manane: kunywa na kulewa. Cha kwanza chataja tendo, cha pili chataja hali. Mtu aweza kunywa asilewe, na aliyelewa jana aweza kuamka leo akiwa na akili timamu. Kwa upande wa bangi tofauti hiyo hiyo iko baina ya kuvuta na kulewa. Naikumbusha tofauti hii kwa sababu kwa muda wa miaka kumi hivi sasa wawekezaji wa Marekani na Kanada wamemimina mamilioni ya dola katika kampuni zinazoahidi kuunda kifaa cha kupima pumzi ya madereva waliolewa bangi. Shaka yangu ni kwamba wengi wao wamenunua kitenzi kimoja wakidhani wamenunua kingine.

Kisa chenyewe chaanzia kwenye kura. Wakazi wa jimbo la Colorado waliidhinisha bangi ya kujistarehesha mwaka wa 2012, na maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. California ilifuata kwa kura ya mwaka wa 2016, na Kanada nzima ikahalalisha tarehe 17 Oktoba 2018. Zamani kupatikana na bangi kulitosha kumtia mtu hatiani, wala polisi hakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Sasa alilazimika kuuliza: huyu aliyeshika usukani, je, amelewa wakati huu?

Penye swali la polisi pana soko. Kampuni ya Hound Labs ya California iliasisiwa mwaka wa 2014 na Mike Lynn, daktari wa wagonjwa wa dharura ambaye pia alikuwa askari wa akiba. Mwaka wa 2019 ilipata dola milioni 30 kutoka kwa wawekezaji kwa mkupuo mmoja. Cannabix Technologies ya British Columbia ilijiandikisha katika soko la hisa la Kanada, ambako hata mtu wa kipato cha chini angeweza kununua hisa zake. Kwa miaka mingi hisa hizo ziliuzwa kwa nguvu ya matarajio kuliko ya mauzo. Hesabu ya wawekezaji ilikuwa nyepesi: ikiwa kila kituo cha polisi kina kipimapumzi cha pombe, basi kila kituo kitanunua na cha bangi.

Hesabu hiyo ina ufa, nao uko katika kemia. Mnamo mwaka wa 1954 Robert Borkenstein wa Indiana alibuni chombo cha kupima pumzi ya walevi, babu wa alkoblo ambayo Mkenya aliyesafiri usiku anaifahamu. Chombo kile kilifaulu kwa sababu pombe ni kitu chenye tabia ya uaminifu. Huyeyuka majini, hutapakaa mwilini kote kupitia damu, na hutoka mapafuni kwa uwiano unaojulikana: mililita 2,100 za pumzi hukadiriwa kuwa na kileo sawa na kilichomo katika mililita moja ya damu. Kileo kikizidi katika damu, ulevi nao huzidi. Kikipungua, nao hupungua. Kwa hiyo mwenye kupima pumzi amepima damu, na mwenye kupima damu amekaribia sana kuupima ulevi wenyewe.

Kiini cha bangi, ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi THC, hakina uaminifu huo. Chenyewe hupenda mafuta, si maji. Mtu anapovuta, wingi wake katika damu hupanda ghafula kisha huporomoka upesi, mara nyingi mvutaji akiwa bado amelewa. Sehemu yake hujificha katika mafuta ya mwili na kuvuja polepole, hata mvutaji wa kila siku aweza kukutwa nacho damuni siku kadhaa baada ya kuacha. Katika pumzi kiasi chake ni kidogo mno, cha kuhesabiwa kwa pikogramu, yaani sehemu moja ya trilioni ya gramu. Kukinasa ni kazi ya kustaajabisha, nami nawavulia kofia wahandisi walioikabili. Lakini kukinasa ni jambo moja, na kujua maana yake ni jambo jingine.

Hapa ndipo nyaraka za kuwavutia wawekezaji huwa na haraka ya kupita. Mnamo mwaka wa 2017 idara ya usalama barabarani ya Marekani iliripoti kwa Bunge la nchi hiyo kwamba wingi wa THC mwilini haulingani kwa njia ya kutegemewa na kiwango cha ulevi. Hata hivyo Colorado na Washington zimeweka mpaka wa nanogramu 5 kwa mililita ya damu. Ni kweli kwamba uchunguzi uliofanywa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha California kule San Francisco na kutolewa mwaka wa 2019 ulionyesha kuwa THC huonekana katika pumzi kwa muda wa saa chache tu baada ya kuvuta, na hilo liliwatia moyo wengi. Lakini mwaka wa 2023 watafiti wa taasisi ya viwango ya Marekani na Chuo Kikuu cha Colorado walipima pumzi za watu 18 kabla ya kuvuta na baada yake. Viwango vya kabla na vya baada viliingiliana kiasi kwamba pumzi moja haikutosha kuamua ni nani aliyetoka kuvuta. Wakadokeza kuwa huenda pumzi mbili zilizopishana kwa muda zikafaa kuliko moja.

Yuko atakayenijibu kwamba kila chombo kipya huanza kwa kusuasua. Jibu hilo lingenitosha kama kasoro ingekuwa katika usahihi wa chombo. Rula iliyonyooka kabisa haipimi homa, na kuinyoosha zaidi hakutaisaidia.

Fauka ya hayo, soko lenyewe halikuwa tupu. Jimbo la Victoria nchini Australia limekuwa likipima mate ya madereva barabarani tangu mwaka wa 2004, na Kanada iliidhinisha kifaa cha mate cha kampuni ya Dräger mwaka ule ule wa 2018 ilipohalalisha bangi. Mate nayo hayaelezi ulevi, bali yalitangulia kufika. Si ajabu basi kwamba Hound Labs iliwageukia waajiri, ambao hujali zaidi kama mfanyakazi amevuta karibuni. Hiyo ni biashara halali, na kwa kweli ni ya ukweli zaidi, kwa kuwa inauza kitenzi cha kuvuta kwa jina lake. Ila siyo ile iliyoahidiwa barabarani.

Mwalimu mwenzangu ataniuliza haya yanatuhusu nini, ilhali kwetu bangi ingali marufuku chini ya sheria ya mwaka wa 1994. Yanatuhusu kwa kuwa siku hizi hisa za ng'ambo hununuliwa kwa simu ya mkononi, na akiba ya mwalimu au karo ya mwanafunzi yaweza kuvuka bahari kabla ya chai ya saa nne. Wale waliofuga kware mwaka wa 2014 hawahitaji kuelezwa bei ya matumaini.

Nisieleweke vibaya: haja ipo, na dereva aliyelewa bangi ni hatari. Lakini tuseme muuguzi wa Denver amevuta kwake Jumamosi usiku, kwa ruhusa ya sheria, naye anasimamishwa Jumatatu asubuhi akienda kazini. Chombo kikimpeleka rumande kwa pikogramu za juzi, faida ya mwenye hisa imetoka katika kosa ambalo halikutendwa. Mimi singetia shilingi yangu hapo. Wakija wanaopima mwendo wa macho na wepesi wa mkono wa dereva, nao wakaonyesha kuwa kweli wanautambua ulevi, nitakaa nisome nyaraka zao kwa makini.