Redio koli si pambo la kiunoni

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wa barua hii ni mkaazi wa Kaskazini Unguja, na anaandika huku kifundo cha mguu cha mpwawe bado kimevimba. Ana swali moja kwa wanaohusika: walinzi wa sehemu za wageni huku Mangapwani wamepewa redio koli wapate kuzungumza, au wapate kupendeza?

Wiki hii aliwatembeza jamaa zake waliotoka Bara. Walianzia kwenye chumba cha watumwa, kile kilichotumika kuficha watu baada ya mkataba wa 1873 kulifunga soko la Mkunazini na biashara kuendelea kwa magendo, kisha wakashika njia ya mapango. Aliyewahi kuipita njia hiyo anaifahamu: jiwe la matumbawe lenye ncha za kukata kandambili, mizizi, vichaka, na simu inayoshika mtandao ukisimama na kuupoteza ukiinama. Humo pangoni mpwawe akateleza kwenye jiwe lililolowa, mguu ukapinda. Kumpandisha juu kulihitaji machela na watu wanne wenye nguvu.

Nje palikuwa na mlinzi, kijana wa adabu zake, redio inaning'inia kiunoni. Akaibonyeza. Kimya. Akaibonyeza tena, ikalia mara moja ikazimika. "Haina chaji toka jana, ami," akasema, macho chini. Redio ya pili ipo, ila imefungiwa kabatini, na aliyeshika ufunguo kaenda mjini mkutanoni. Simu ilipopata mtandao, mkubwa mmoja aliyepokea akataka kwanza kujua kama majeruhi amekata tiketi. Alikuwa nayo mfukoni, imelowa. Akaambiwa asubiri, maana suala lake "linafanyiwa kazi".

Waliomtoa ni wavuvi waliokuwa wakipandisha ngalawa yao pwani. Walikunja tanga, wakamlaza, wakapanda naye huku wakihesabiana hatua. Hao hawakuuliza tiketi.

Huenda wakubwa wanadhani redio ikishanunuliwa kazi imekwisha. Hata hiyo ya kijana ingekuwa na chaji, ingemfaa kidogo tu aliyekuwa chini. Mawimbi ya redio hizi za mkononi hupenda njia iliyonyooka na iliyo wazi. Watu wawili waliosimama ufukweni, kila mmoja na yake, husikilizana hadi kilomita kama 10 kabla mviringo wa dunia haujawatenga, hata kama boksi limeandikwa 30. Likikaa jabali la matumbawe katikati, tena limelowa, mita chache zinatosha kuyameza mawimbi yote.

Wenzetu walishalijua hilo. Mwaka 2018, vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao walipokwama katika pango la Tham Luang kule Thailand, redio za kawaida hazikufua dafu. Zikaletwa redio zinazopokezana ujumbe kwa mlolongo, moja ikiipasia nyingine hadi ndani, pamoja na HeyPhone, kifaa cha waokoaji wa mapangoni wa Uingereza kinachotumia masafa ya chini sana, kilohezi 87, ambayo hupenya mwamba. Mangapwani hakuna anayedai HeyPhone. Mlinzi mmoja asimame mdomoni mwa pango, apokee maneno ya ndani na kuyapitisha nje. Antena iwe wima wakati wa kusema, si kulazwa ubavuni. Pawe na betri ya akiba, na walinzi wapimane sauti kila asubuhi kabla ya mgeni wa kwanza kufika. Wakitaka makubwa zaidi, waweke mtambo wa kurusha upya juu ya mlingoti wa mita 30: pasipo kizuizi, aliyesimama chini na redio yake ataufikia akiwa umbali wa kilomita kama 27, na Mji Mkongwe hauko mbali hivyo.

Fedha hazipo? Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari huko Kilimanjaro, na viongozi wakaitangaza kwa furaha. Ni jambo jema. Ila nchi inayomwezesha mgeni kurusha picha yake akiwa mlimani inashindwaje kumpa mlinzi wa pwani betri yenye chaji?

Na kwa kuwa zimetajwa redio, wenye misafara nao wasikie. Mheshimiwa anapopita huku, redio za walinzi wake zinasema kama kasuku. Wa mbele anamwambia wa nyuma, barabara inafungwa, daladala inasukumwa mtaroni na mgonjwa wake ndani. Haijapata kusikika msafara umesimama kwa sababu ya chaji. Wakati wa kampeni ndiyo usiseme. Vipaza sauti vinaanza alfajiri, na betri zake huisha siku ya pili baada ya kura.

Hao hao sasa wanaahidi bandari jumuishi hapa Mangapwani, yenye meli kubwa na mitambo ya kisasa. Inshallah. Lakini wavuvi waliombeba kijana wa watu kwa tanga huingia baharini usiku bila redio ya kuitia msaada kwenye chaneli 16, megahezi 156.8, inayosikilizwa na vyombo vya bahari dunia nzima. Visiwa hivi vilivyozika watu wa MV Spice Islander I Septemba 2011, na wa MV Skagit Julai 2012, havikupaswa kukumbushwa jambo hilo na mtu aliyekwenda pangoni kutembeza wageni.

Ofisi inayokusanya fedha za tiketi inaombwa itoe humo humo fedha za betri za akiba, iwafundishe vijana wake kuzitumia redio walizopewa, na ufunguo wa kabati ulale Mangapwani.

Msomaji wako,
Mangapwani, Unguja