Jua la Kitui na Makueni: tuulize kuhusu waya

Kila ukitajwa mradi wa jua, swali la kwanza barazani huwa paneli ni ngapi. Mimi nauliza jingine: waya unaishia wapi, na ni wa nani?

Tuanze Makueni. Mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza kilisaidia kijiji cha Kitonyoni kujenga mtambo wa jua wa kilowati 13.5. Paneli ndizo paa, na paa hilo hukinga pia maji ya mvua. Wanakijiji waliunda ushirika wa kuuza stima, na maduka, shule na kituo cha afya vikapata mwanga. Ni jambo la kupongezwa. Lakini kilowati 13.5 ni taa, simu, kinyozi na friji. Mashine mbili za kusaga unga zikiwaka pamoja zaweza kuumaliza uwezo wote. Na usiku tegemeo ni betri, ambazo huchoka.

Sasa Kitui. Mtambo wa Garissa wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, ni mali ya REREC, shirika la serikali la stima mashinani. Stima yake huuziwa Kenya Power. Laini ya kilovolti 132 inayoiunganisha Garissa na gridi hupita Mwingi, Kaunti ya Kitui, hadi Kindaruma kwenye mabwawa ya Mto Tana. Hapo ndipo penye faida ya gridi: mchana jua likifanya kazi, maji yaweza kubakizwa Masinga yakangoja Magharibi, saa ambayo kila nyumba huwasha taa na jua limeshatua. Bwawa linakuwa betri. Kijiji kilicho peke yake hakina bwawa.

Umiliki nao una uzito. Kenya Power hutoza bei ya taifa hata kwa wateja wa vituo vyake vilivyo nje ya gridi, kama Faza. Gharama tunaibeba sote. Ushirika mdogo hauna wa kubeba naye.

Hata hivyo, shirika la umma si dawa ya kila kitu. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana ilikuwa tayari mwaka 2017, laini ya serikali hadi Suswa ikakamilika 2018. Kwa kuchelewa huko, Mkenya alilipishwa mabilioni kwa stima isiyomfikia.

Sisi Pwani tuna jua la kutosha. Langobaya, Kaunti ya Kilifi, tayari pana mtambo wa megawati 40 wa kampuni binafsi, na miradi zaidi itakuja. Basi tukiitwa kwenye kikao cha maoni ya umma, tusiishie kuuliza ajira za vibarua na mgao wa sare. Tuulize matatu. Gridi ikifika, mtambo mdogo utaunganishwa au utaachwa uote kutu? Betri zikichoka, nani atanunua mpya? Na nyumba ambazo laini kubwa inapita juu yake zitapata stima, au zitabaki kutazama nyaya?

Majibu yaandikwe kwenye mkataba kabla ardhi haijatolewa. Jua hatulilipii, lakini waya tutaulipia miaka mingi, sisi na watoto wetu.