Uvimbe Umeshuka, Farasi Hajapona

Eti uvimbe wa mguu umeshuka, basi leteni tandiko! Hayo si matibabu, ni kamari, na anayewekwa rehani ni farasi pamoja na mtoto atakayepandishwa mgongoni mwake Jumamosi.

Chini ya goti la mbele farasi hana msuli wa kumwokoa. Ana mfupa, ngozi, kano mbili za nyuma na ligamenti inayobeba kifundo. Akienda mbio, kuna nukta ambayo mguu mmoja peke yake hubeba mwili mzima. Kano ya nje, iliyo karibu na ngozi, ndiyo huumia mara nyingi: nyuzi za katikati hukatika, damu hujaa, mguu huwaka moto. Mpe maji baridi na fenilibutazoni, na baada ya wiki chache hachechemei tena. Saisi anapapasa, tajiri anatabasamu. Ndani, jeraha liko palepale! Kano hujiunga kwa kovu, nalo hutaka miezi 9 hadi 12, pengine zaidi, na halinyumbuki kama nyuzi za asili. Ukimkimbiza kabla ya hapo, unamchana upya.

Kidole hakioni hayo. Altrasaundi huyaona: doa jeusi katikati ya nyuzi nyeupe. Madaktari wa farasi wameitumia kwa kano tangu miaka ya 1980. Manyoya hunyolewa, jeli hupakwa, mguu hukaguliwa kipande kwa kipande kutoka goti hadi kifundo, kisha wa pili kwa kulinganisha. Farasi amesimama tu.

“Mashine ni ghali.” Ghali Kampala hii, yenye ECUREI pale Mengo, chuo kinachofundisha altrasaundi? Kipimio bapa cha mashine hiyo kinachokagua tezi ya shingo ya binadamu hukagua pia kano ya farasi. (Kile cha mviringo cha wajawazito kiacheni, kitu kilicho chini tu ya ngozi hakionyeshi vizuri.) Na Makerere, wanakosomeshwa madaktari wa mifugo, iko kilima cha jirani. Wapelekeni wanafunzi wao Mengo wakajifunze kushika kipimio, warudi wasome miguu ya farasi.

Nanyi wazazi, kabla ya kulipia mtoto apande farasi, ulizeni kama farasi huyo amewahi kuvimba mguu. Akiwa amewahi, daini picha mbili: ya siku alipoumia na ya siku aliporuhusiwa kurudi kazini. Hakuna picha? Mshusheni mtoto.