Jua linalopiga manjanja yetu



Siku ya posho iliyopita, tulipomaliza kuhesabu feza ya likelemba, swali moja lilituchelewesha hata giza likatukuta uani. Mama mmoja wa kikundi chetu, mjane anayeuza lenga-lenga na ndakala sokoni, zamu yake ya kupokea imefika. Akatuuliza: "Wamama, hii feza ninunue pano ya jua, ao niiongeze katika biashara?" Wengine wakamwambia pano, bila kufikiri mara mbili. Wengine wakasema feza ya likelemba haipandishwi juu ya nyumba ikae kule kunyeshewa na mvua. Mimi nilinyamaza. Juma hili nataka kusema kwa nini nilinyamaza, na jibu ambalo ningempa.

Nilinyamaza kwa kuwa mimi mwenyewe feza ya zamu yangu ilipotea kwa njia hiyo. Nilipokea siku ya kwanza, nikanunua siku ya pili. Pano ilikuwa bila karatasi nyuma, bila namba ya wati. Batri ilikuwa ya gari, iliyokwisha kutumika. Muuzaji hakunipa risiti, nami sikuomba. Mwezi wa kwanza nyumba iling'aa, watoto wakacheza. Kufika mwezi wa nane, taa zilikuwa zinazimika saa mbili ya usiku. Mvua za Novemba zilipoanza, batri ikafa kabisa. Tukarudi kwa mishumaa. Usiku mmoja mshumaa ulianguka, ukashika moskitera ya mtoto. Mungu alisaidia, mtoto alikuwa hajalala, akapiga kelele. Mpaka leo ule weusi uko kwenye ukuta, sikuupaka rangi.

Kosa halikuwa la jua. Jua lilifanya kazi yake kila siku. Kosa lilikuwa la haraka yangu. Miaka miwili baadaye nilinunua tena, safari hii kwa kuuliza, na sasa ni mwaka wa tatu tunakaa na taa. Niliyojifunza ndiyo haya.

Kwa nini tunakosa kuran na maji yapo?

Watoto wanauliza swali hili, nasi tunakosa jibu. Jimbo letu la zamani la Katanga lina mabwawa mazuri: Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Tangu miaka ya 1980 kuna pia ile laini ndefu inayotoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilomita 1,700. Lakini Mwadingusha ilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya migodi, si kwa ajili ya Katuba, Kenya ao Ruashi. Migodi ingali inataka umeme mwingi, mji umekua sana, mitambo na nyaya vimezeeka, na mwisho wa kiangazi maji ya mito yanapungua. Basi umeme unagawanywa, leo kartie hii, kesho ile. Ndiyo delestaji tunayoijua. Hatuwezi kuimaliza kutoka jikoni mwetu. Tunachoweza ni kutengeneza umeme kidogo wetu wenyewe, wa kutosha mambo yasiyoweza kungoja: taa, telefoni, masomo ya watoto, na usalama wa usiku.

Hesabu kabla ya kununua

Chukua daftari ya mtoto. Kwa majuma manne andika kila falanga inayotoka kwa ajili ya mishumaa, pili za taa, kuchajisha telefoni kwa jirani, na petroli kama una grupu. Usidanganye daftari. Tuseme ni falanga 2,000 kwa siku. Kwa mwezi ni 60,000. Kwa mwaka inapita 700,000, na mwisho wa mwaka hakuna kitu mkononi isipokuwa nta iliyoyeyuka. Hiyo ndiyo feza ambayo pano inakuja kuokoa. Kama daftari inaonyesha kidogo sana, nunua kitu kidogo. Kama inaonyesha nyingi, una sababu ya kununua kikubwa zaidi.

Halafu hesabu unachotaka kuwasha. Mfano wa nyumba yangu: taa 4 za wati 5, saa 5 kila usiku, ni wati-saa 100. Telefoni 4, kama wati-saa 40. Redio, 50. Televizyo ndogo ya wati 40 kwa saa 4, ni 160. Jumla 350 kwa siku. Pano ya wati 150, ikipata jua kali kwa saa 4 tu, na tukiondoa kinachopotea njiani kwenye nyaya na batri, inaleta kama 420. Inatosha, na kidogo kinabaki kwa siku ya mawingu.

Sasa tazama konjelateri. Hata ndogo inaweza kula wati-saa 1,000 ao zaidi kwa siku, karibu mara tatu ya nyumba nzima niliyoitaja. Mama anayeuza maji ya baridi ao samaki mabichi anaweza kuilipa kwa biashara yake, lakini anahitaji pano 3 ao 4 za ukubwa ule na batri kubwa. Mwenye pano moja asiunganishe konjelateri juu yake, maana atabaki bila barafu na bila taa.

Na jambo moja nalisema wazi, maana wauzaji hawalisemi: pano ya nyumbani haitaondoa makala. Resho ya wati 1,500 ikiwaka saa moja inakula umeme wa nyumba yangu nzima kwa siku nne na zaidi. Maharagi yanataka zaidi ya saa moja. Bukari yetu bado itapikwa kwenye mbabula, na miti ya miombo kuzunguka mji itazidi kukatwa, mpaka tupate njia nyingine. Tuseme ukweli, ili mama asinunue pano akitumaini kuacha kununua mfuko wa makala.

Batri ndiyo moyo

Pano nzuri inaweza kukaa miaka 25. Batri haikai hivyo. Batri ya gari ilitengenezwa kuwasha motere kwa nguvu ya mara moja, haikutengenezwa kuliwa polepole usiku mzima. Ndiyo sababu yangu ilikufa. Omba batri ya kazi ya jua. Kama ni ya risasi na asidi, usiishushe chini ya nusu. Ile ya volti 12 na ampea 100 ina wati-saa 1,200, lakini tumia 600 tu. Batri ya lithiamu ni ghali siku ya kununua, lakini inavumilia zaidi na inakaa miaka mingi zaidi. Usisahau regulateri kati ya pano na batri. Ni kisanduku kidogo, ndicho kinachozuia batri isijazwe kupita kiasi na isikaushwe.

Batri ya asidi isikae chumbani wanakolala watoto. Ikae mahali penye hewa, juu ya ubao, ndani ya sanduku lenye tundu. Ikifa, mtu asiipasue uani ili kuyeyusha risasi yake. Kule Kabwe, Zambia, si mbali na sisi, udongo wenye risasi kutoka mgodi wa zamani umeharibu damu ya watoto wengi, na akili zao zinachelewa. Sisi tunaokaa karibu na bomba la moshi la Gécamines tunajua udongo hausahau upesi. Rudisha batri nzee kwa muuzaji anayeipokea.

Pano itazame wapi?

Siku fundi wa kwanza alipokuja kwangu, aliweka pano ilivyokaa vizuri machoni, ikitazama barabara. Hapa Lubumbashi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka jua la saa sita linapita upande wa kaskazini. Pano itazame kaskazini, na iinamishwe kidogo tu, ili maji ya mvua yateremke na uchafu wake. Kivuli cha mwembe kikigusa hata kona moja, umeme unapungua sana. Afadhali kukata tawi kuliko kununua pano ya pili.

Kuanzia Mei mpaka Septemba vumbi letu jekundu linakaa juu ya kioo kama unga. Pangusa kila juma kwa maji na kitambaa laini, asubuhi kabla kioo hakijapata moto. Usimtume mtoto juu ya manjanja. Na kabla mvua hazijaanza, mwambie fundi atie waya unaoshuka ardhini, maana radi za kwetu hazichezi.

Pano ni ya nani?

Hili tulilizungumza kwa sauti ndogo siku ya posho, nami nataka kulisema kwa sauti kubwa. Tumeona mama anazika mume, na kabla ya matanga kwisha, watu wa ukoo wanapanda juu ya nyumba kushusha pano. Tangu sheria ya Julai 2016 iliyorekebisha Kodi ya Familia, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili anunue kitu ao atie sahihi. Basi risiti iandikwe jina lako ao majina yenu wawili, na uiweke mahali pamoja na vyeti vya watoto. Zungumza na mume mapema, kwa heshima. Si jambo la kumficha, ni jambo la kulinda watoto wenu.

Kama unapanga, mwonyeshe mwenye nyumba kabla ya kufunga, na muandike karatasi kwamba pano ni mali yako na utaondoka nayo. Andika namba ya pano katika daftari, chora jina lako nyuma kwa rangi, na mwambie fundi afunge skuru kwa namna isiyofunguka upesi. Wezi wanapenda pano isiyo na jina.

Jibu langu kwa mama yetu

Sasa narudi kwa mjane wetu. Anauza lenga-lenga na ndakala. Ndakala ni makavu, hayahitaji baridi, basi konjelateri hana kazi nayo. Televizyo itangoje. Lakini anaamka saa kumi ya usiku kuchambua majani kwa mshumaa, na jioni anafunga meza yake giza likiingia, wakati ule watu wanapotoka kazini na falanga mfukoni. Mtoto wake wa mwisho yuko darasa la sita, anajitayarisha kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Kwa hiyo ningemwambia: Mama, usitie feza yote juu ya nyumba, wala usitie yote katika mizigo. Nunua seti ndogo ya taa tatu yenye pano yake, yenye garanti na risiti. Taa moja ya mtoto, moja ya kuchambua majani, moja ya meza yako ya jioni. Feza inayobaki iingie katika ndakala. Kile ulichokuwa unatoa kwa mishumaa, kitie kila siku katika kibuyu. Haba na haba hujaza kibaba. Zamu yako ijayo ikifika, daftari yako itakuambia kama umefikia pano kubwa.

Na sisi wengine tuna kazi pia. Kama wamama watano wananunua pamoja, wanaweza kuomba bei nzuri, wanaweza kumleta fundi mmoja anayejulikana, na kama kitu kikiharibika wanarudi dukani watano. Mimi nilirudi peke yangu, nikacheka na kulia njiani. Muuzaji anamwogopa mteja asiyekuja peke yake.

Siku ya posho inayokuja, kila mmoja alete daftari yake ya matumizi, hata kama ni ya siku tatu tu. Tutahesabu pamoja kabla ya kugawa likelemba, na safari hii tutaanza mapema, giza lisitukute uani.

Mkae na amani.