Gehandu ipi? Mistari miwili inayoamua kama tangazo litakufikia

Mkoa wa Manyara una kata mbili zinazoitwa Gehandu: moja iko Mbulu, nyingine Hanang. Mwenyeji hachanganyi. Mtandao ndio unaweza kuchanganya.

Tuchukulie ofisi inatoa tangazo la chanjo ya mifugo. Mhusika analipanga vizuri kwenye programu ya kupanga kurasa kama Microsoft Publisher au Adobe InDesign: nembo juu, picha ya ng'ombe, tarehe kwa herufi nene. Linawekwa kwenye tovuti, linki inarushwa WhatsApp. Kwenye grupu linatokea jina "Tangazo la mwisho 2". Nani atalifungua, na bando lenyewe ni la kuhesabu?

Kilichokosekana ni metatagi, yaani maelezo mafupi yanayokaa ndani ya ukurasa bila kuonekana. Wewe huyaoni, ila Google na WhatsApp huyasoma ili kuamua wakuonyeshe nini kabla hujabonyeza.

Kwa nini yanasahaulika? Programu hizi zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya karatasi. Kwenye karatasi, herufi kubwa zinatosha kuwa kichwa cha habari. Mashine inataka kichwa kiandikwe pia sehemu yake maalumu.

Sehemu hiyo ipo. InDesign ina dirisha la taarifa za faili, ambapo unajaza kichwa, mwandishi na maelezo, na taarifa hizo zinaweza kwenda na PDF. Publisher za 2003 na 2007 zilikuwa na nafasi ya kichwa cha ukurasa na maelezo kwa ajili ya mitambo ya kutafuta. Ila picha na maneno yanayotokea WhatsApp hutegemea tagi za ukurasa wenyewe, na hizo ni kazi ya anayesimamia tovuti.

Usipoteze muda kurundika maneno muhimu. Google ilishasema tangu 2009 kwamba haitumii tagi ya maneno hayo kupanga matokeo. Kuandika "Gehandu" mara ishirini hakusaidii. Kuandika "Gehandu, Hanang" mara moja, mahali panapotakiwa, kunasaidia.

Suala hili lina tarehe. Oktoba 2026 Microsoft inasitisha Publisher, na wanaoitumia kupitia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua mafaili yao ndani yake. Ofisi, shule na makanisa yenye mafaili hayo yatalazimika kuyahamisha. Ukihamisha faili bila kichwa wala maelezo, umehamisha tatizo pia.

Na si suala la urembo. Desemba 3, 2023, maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yaliikumba Katesh na maeneo jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Siku kama hiyo, tangazo lisilosema ni wapi na lini linaweza kumpeleka mtu kusiko.

Dawa yake ni mistari miwili. Kichwa: jambo, kata, wilaya. Maelezo: nani anahusika, lini, aende wapi. Ni kazi ya dakika chache kabla ya kupandisha faili.

Na wewe ukitumiwa linki isiyosema ni Gehandu ipi, uliza kwanza. Ndipo uforwadi.