Binti Akitaka Kusomea Ekografi



Mabinti wengi wakimaliza sekondari wanasema: nataka kazi ya ekografi. Ni kazi nzuri. Lakini kabla ya kuuza mbuzi au kutoa pesa ya likelemba, tuelewe inavyosomewa.

Njia ya kawaida ni Diploma ya Serikali, kisha ISTM, katika idara ya picha za matibabu. Mzunguko wa kwanza ni miaka 3. Ulizeni kwanza kama ISTM ya kwenu ina idara hiyo.

Kuna pia mafunzo ya wiki chache. Kwa daktari, muuguzi au mkunga, yanaongeza ujuzi juu ya ujuzi. Kwa mtoto aliyetoka sekondari jana, hayatoshi.

Kwa nini? Mashini haioni yenyewe. Inatuma sauti ambayo sikio halisikii, na sauti ikirudi inakuwa picha. Mkono ukiinama kidogo tu, picha inabadilika. Mahali ambapo mkono haukupita, hata daktari mkubwa hataona kitu kwenye picha aliyoletewa. Mkono huo unafundishwa kwa wagonjwa wengi, mwalimu akisimama karibu.

Tusifikiri kazi hii ni kutaja tu kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Kondo la nyuma likiziba njia ya uzazi, mama anapaswa kujua mapema, azalie kwenye hospitali inayoweza kupasua. Mimba iliyoshika nje ya kizazi inaweza kumuua. Asiyejua vizuri akimwambia «hakuna shida», mama anarudi nyumbani na hatari yake. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye mimba apate ekografi moja kabla ya wiki ya 24. Basi wanaojua wanahitajika.

Kabla ya kulipa minervali, ulizeni chuo:
– Kimekubaliwa na serikali?
– Staji ni miezi mingapi, katika hospitali gani?
– Nani atamsimamia?
– Mashini ni ngapi, kwa wanafunzi wangapi?

Wasipojibu wazi, pesa ibaki mfukoni.

Na kama idara hiyo iko mbali, binti aanze na uuguzi au ukunga hapa karibu. Ekografi ataiongeza baadaye, akiwa tayari ana kazi mkononi.