Akufukuzaye Hakwambii Toka



Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya kuondoka. Mtu huaga, huhama, hutoroka, hujitenga, hustaafu, hujiuzulu, hung'atuka, hutokomea, hutoweka. Rangi ya kitenge hufifia, sauti ya kengele huyoyoma, maji ya bahari hupwa. Hata kifo tumekipa heshima ya safari: twasema marehemu ameaga dunia, au ametutoka, kana kwamba ameinuka mwenyewe na kuwapungia mkono waliobaki.

Juma hili napenda tuyatafakari maneno hayo kwa kuyauliza swali moja tu: ni nani aliyelitenda tendo hilo? Lugha yetu ni hodari wa kulijibu swali hilo, na ni hodari vilevile wa kulificha. Tukisema mtu "ameondoka", mtendaji ni yeye aliyekwenda. Tukisema "ameondolewa", tumekiri kwamba upo mkono mwingine. Tukisema "ametoweka", mtendaji haonekani kabisa, wala hakuna wa kuulizwa. Herufi chache zinatosha kumtia mtu hatiani au kumwondolea lawama.

Tuanze na kuondoka kwa heri. Katika neno "kujiuzulu" kuna kiungo kidogo, "ji", kinachobeba uzito wote: mtu anajivua mwenyewe madaraka ambayo angeweza kuvuliwa na wengine. Katika miaka ya 1970 Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu baada ya watu kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Si yeye aliyewatesa watu wale, lakini wizara ilikuwa yake, naye akaubeba mzigo. Mwaka 1985 taifa lilimkabidhi urais, akimpokea Mwalimu Nyerere. Naye Mwalimu ndiye aliyelichukua neno "kung'atuka" kutoka lugha yake ya Kizanaki na kuwapa Watanzania wote, alipoachia urais mwaka huo na uenyekiti wa chama mwaka 1990. Neno hilo tumelipokea kwa sababu lilikuja pamoja na mfano wake.

Sisi Wakatoliki tuliuona mfano kama huo tarehe 11 Februari 2013, Papa Benedikto XVI alipowaeleza Makardinali kwamba nguvu zake hazikutosha tena kwa utume ule. Alitaja sababu, akataja siku, akaomba radhi kwa mapungufu yake. Kisha akaishi maisha ya sala hadi alipofariki tarehe 31 Desemba 2022. Maisha ya namna hiyo yana neno lake pia: kutawa, ndiko alikotoka "mtawa". Huko ni kujitenga kusikomtupa mtu.

Kuondoka kwa namna hii hakumwachi mtu yeyote na kitendawili. Aliyeondoka anajulikana, sababu yake inajulikana, na mlango haujabamizwa. Taabu ipo kwenye yale maneno mengine, ambayo sisi wa Usangu tunayatumia kila siku bila kuyachunguza.

Chukueni mto wetu, Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi baada ya kutoka katika ardhioevu ya Ihefu, hata viboko na samaki wa Hifadhi ya Ruaha wakabaki wakisongamana katika madimbwi. Sisi twasema "mto umekauka". Ni sentensi fupi, sahihi kisarufi, na haina mwenyewe. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo mwaka 2010 mto ungetiririka tena mwaka mzima. Mwaka huo ulifika na ukapita, na mto ukaendelea kukatika. Uchunguzi uliofanyika Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na baadaye ulionyesha kwamba sababu kubwa ni maji yanayochepushwa kiangazi kutoka mito midogo kabla hayajafika Ihefu, kwa ajili ya mashamba. Basi tuseme kwa unyofu: mto haukukauka, ulikaushwa. Waliochepusha maji hawakuwa wageni waliopita usiku. Ni wakubwa na wadogo, wenye mashamba makubwa ya mpunga na wenye vijaruba viwili, na wali ule tumeula sote.

Mwaka 2006 na 2007 ikaja zamu ya wafugaji. Maelfu ya ng'ombe walitolewa katika bonde hili, na familia za Wasukuma, Wamang'ati na wengineo zikaelekezwa hadi Lindi na Pwani. Siku hizi mtu akiulizwa kuhusu jirani yake wa zamani hujibu, "Ah, wale waliondoka." Hapana, ndugu yangu. Waliondolewa. Mtu anaweza kuamini kwamba hatua ile ilikuwa ya lazima, na mwingine akaamini kwamba walibebeshwa lawama isiyokuwa yao peke yao. Hilo tunaweza kulijadili. Ila hatuwezi kulijadili kwa haki ikiwa kitenzi chenyewe kimekwisha kuwafuta waliotenda.

Na sasa tuingie ndani ya nyumba yetu wenyewe, yaani parokia. Katika jumuiya ndogo ndogo nimelizoea jibu moja ninapomwulizia muumini: "Padre, huyo siku hizi haonekani." Litazameni neno hilo. Haonekani! Kosa limekwisha kuwa la asiyeonekana, wala hapana anayetaja macho ambayo hayamtazami. Mama mjane ambaye jina lake lilisomwa hadharani mara tatu kwa kutokamilisha mchango, akaacha kuja, je, aliondoka au aliondolewa? Mzee ambaye miguu imemwisha, na hakuna aliyempelekea Komunyo tangu masika, je, amefifia mwenyewe? Wahenga walikwisha kutuonya: akufukuzaye hakwambii toka.

Katika sura ya 15 ya Injili ya Luka, Bwana Yesu anasimulia juu ya vitatu vilivyopotea, nasi mara nyingi tunavisoma kana kwamba ni kimoja. Mwana mpotevu aliondoka kwa miguu yake, na fedha mkononi. Kondoo alipotea kwa kuzurura, bila kukusudia. Lakini ile sarafu haina miguu wala nia. Sarafu haipotei, hupotezwa, tena ndani ya nyumba. Tazameni basi jinsi tiba zinavyotofautiana. Baba hakumfuata mwanawe. Aliuheshimu uhuru wake, akabaki akiitazama njia. Mchungaji alimfuata kondoo nyikani. Yule mama aliwasha taa, akashika ufagio, akafagia nyumba yake mwenyewe.

Hapo ndipo tunapokosea. Tunamngoja kwa subira ya baba mtu ambaye ni sarafu. Twasema, "Mlango uko wazi, akitubu atarudi," ilhali yeye yuko chini ya mkeka wetu na kinachotakiwa ni ufagio. Pengine hufanya kinyume chake: tunamkimbiza kama kondoo kijana aliyeamua kwa akili zake kukaa mbali kwa muda, tukamchosha kwa maswali hata njia ya kurudi ikawa ndefu zaidi.

Maoni yangu ni haya. Viongozi wa jumuiya wasiandike tena "haonekani" katika taarifa zao. Waandike mojawapo ya matatu: ameondoka, amepotea, au tumempoteza. Neno la tatu litakuwa gumu kuliandika, kwa kuwa lina "tu" mwanzoni, na hiyo "tu" ni sisi. Lakini ndilo neno pekee linalomtuma mtu kwenda kubisha hodi jioni ileile. Na ninyi mlioshika uongozi kwa vipindi vingi, mwombeni Mungu neema ya kung'atuka mapema, ili siku moja msije mkaandikwa miongoni mwa walioondolewa.

Kwa tafakari ya juma: mtaje moyoni mwako mtu mmoja ambaye umezoea kusema kwamba ametoweka. Kisha ibadili sentensi hiyo, umweke mtendaji wake. Ukimkuta mtendaji ni wewe, usikate tamaa. Washa taa, ufagie.

Nawatakieni nyote Dominika njema.